Mlango wa Maji Nyuma ya Goli la Kusini

Vijana mliokabidhiwa uwanja wa Kambale, juzi nilipita pale nikawaona mnavyokata majani kwa mashine inayonguruma, mmoja anasukuma, mwingine anampiga picha. Mistari imenyooka, magoli yamepakwa rangi, nikafurahi mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nimetumwa sukari. Nilirudi nyumbani mikono mitupu nikasemwa. Basi nimekaa niwaandikie, maana Jumamosi timu yetu inacheza mechi ya ubingwa wa Ligi Kuu hapa hapa Ifakara, na kuna jambo moja la kazi ambalo nadhani hamkuambiwa mlipopewa funguo.

Kwanza tuelewane mimi ni nani. Ninyi mnanijua kama Babu Theo, yule mzee wa kiti cha plastiki anayelalamikia chokaa. Mimi niliutunza uwanja ule tangu Kambale ikiwa timu ya vijana wa mashine za kukoboa mpunga, wanaocheza peku, hadi ikawa timu ya kulipwa yenye basi lake. Watu watawaambia tulipanda Ligi Kuu kwa sababu ya mshambuliaji. Mshambuliaji alifunga, sikatai. Lakini mpira ule ulihitaji mahali pa kudunda, na mahali pale tulipatengeneza sisi: Mzee Gaspari, Mama Deo na mimi.

Hata jina letu lilitoka kwenye tope. Zamani hizo ilikuja timu moja ya mjini kucheza mechi ya kirafiki, mvua ikanyesha, wakafungwa. Kocha wao akasema kwa hasira kwamba hatukucheza mpira, tumeogelea kama kambale. Alidhani ametutukana. Wiki iliyofuata jina lilikuwa limeshaandikwa kifuani kwenye jezi, na samaki amechorwa chini yake, ingawa mchoraji alimpa miguu.

Mzee Gaspari ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa Mpogoro wa Mahenge aliyeshuka bondeni kulima mpunga, akaishia kulima majani ya mpira. Mtu mfupi, mcheshi, asiyevaa viatu uwanjani hata kiongozi akija. Alisema mguu ukivaa kiatu haujui tena kinachoendelea chini. Nami nawaambia vilevile: vueni viatu asubuhi, zungukeni. Mahali ambapo kisigino kinazama na tundu linajaa maji, hapo pana ugonjwa, msisubiri mchezaji aanguke ndipo mjue.

Sasa niwasimulie ya pumba. Mbele ya goli la kusini palikuwa na dimbwi lisilokauka. Mzee Gaspari akaenda mashineni, akaleta pumba za mpunga kwa mkokoteni, tukamwaga, maji yakanywewa yote. Tukajipongeza sana. Tatizo ni kwamba mashine za wakati ule zilikuwa zinakoboa kivivu, na kwenye pumba zilibaki punje nzima. Timu ikaenda ugenini, tukafunga geti, tukapumzika. Tuliporudi goli la kusini lilikuwa limejaa kijani kibichi cha kupendeza. Mwamuzi mmoja mgeni akaja kukagua, akainama, akapapasa.

"Hapa golini mmepanda majani ya aina gani?" akauliza. "Mazuri sana."

"Ni ya kienyeji, mheshimiwa," akajibu Mzee Gaspari bila kutikisika.

Mwamuzi alipoondoka tukaangaliana. Ulikuwa mpunga, tena mpunga mzuri, na mechi ilikuwa kesho yake. Kazi ikawa kumpata wa kuung'oa. Mnacheka, lakini jaribuni kumwambia mtu wa Ifakara ang'oe mpunga uliosimama autupe. Kipa alikataa. Katibu alikataa. Mzee Gaspari mwenyewe alishika jembe, akaliweka chini, akasema mgongo unamuuma. Ndipo alipotokea Mama Deo, jirani yetu, ambaye jaruba lake, yaani kipande chake cha shamba kilichozungushiwa tuta la kushikilia maji, linapakana na goli lile lile. Alikuja na ungo, akaingia golini bila kumsalimia mtu, akaanza kung'oa mche mmoja mmoja na mizizi yake.

"Mpunga wenu umekaa vibaya," akasema. "Mwenzenu nina nafasi."

Akaenda kuupandikiza kwake. Mwaka ule alivuna mpunga wa golini, na hakutugawia hata kibaba. Tangu siku ile pumba tunazichoma kwanza mpaka ziwe nyeusi, ndipo tunamwaga. Zikichomwa zinakunywa maji vizuri zaidi na hazioti kitu. Hilo lishikeni.

Kosa letu jingine lilikuwa kubwa zaidi. Mkulima wa mpunga ukimpa ardhi tambarare yenye maji, mikono yake inajenga tuta yenyewe. Masika moja Mto Lumemo ulitutishia, na Mzee Gaspari akasema tuuzungushie uwanja tuta ili maji yasiingie. Tukachimba, tukashindilia, tukapata tuta zuri ambalo hata mimi nililionea fahari. Mto haukuingia. Mvua ikanyesha kutoka juu, ikajaa ndani, ikakaa. Tulikuwa tumejenga jaruba la ukubwa wa uwanja wa mpira. Bata wa jirani walihamia katikati, na mwamuzi alipodondosha mpira kuukagua uwanja, mpira ukaelea ukaenda zake. Mechi ikahamishiwa mjini, tukacheza bila watu wetu, tukafungwa, tukashuka daraja. Mzee Gaspari alikaa juu ya tuta lake akacheka mpaka machozi.

"Theo," akasema, "tumelima."

Lakini hakuishia kucheka. Kila jaruba lina mlango wa maji, pengo dogo kwenye tuta linalozibwa kwa ubao na udongo, na unapotaka kupunguza maji unalifungua. Tukaweka mlango wa namna hiyo nyuma ya goli la kusini, upande wa chini. Kisha tukaupa uwanja mgongo. Kila aliyekuwa na pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, alituletea mchanga wa mtoni akitoka shambani, trela moja leo, jingine wiki ijayo, mpaka katikati pakainuka kidogo na maji yakajifunza kuteremka kwenda pembeni. Kazi ile ilichukua misimu. Ninyi mnaona uwanja tambarare, lakini laleni kifudifudi kwenye mstari wa pembeni mtazame upande wa pili, mtauona mgongo wenyewe.

Shida ilikuwa moja tu. Maji yakitoka kwenye mlango ule yanaingia kwa Mama Deo. Na kwetu bondeni hufungulii maji yakapita kwa mwenzako bila kumwomba njia. Hutumi mtu, wala humwiti toka barabarani. Unakwenda mwenyewe, unasimama kwenye tuta lake, unasalimia, unaomba, na akisema hapana unarudi na hapana yako. Akiwa ameshavuna, Mama Deo alituruhusu. Akiwa na miche michanga, alikataa, na tukacheza kwenye tope. Mzee Gaspari alipoacha kazi kwa sababu ya macho, hakunipa mawaidha mengi. Alinipa fyekeo lake na neno moja.

"Usiufungue mlango ule bila Mama Deo," akasema. "Hata rais akiwa jukwaani."

Kuhusu chokaa nitasema kidogo, maana najua mnanisubiri niilalamikie. Lowesheni kamba kabla ya kuivuta, isipepee. Msipige chokaa upepo ukitoka mbele, mtatoka mmefanana na masanamu ya kanisani. Na mstari wa goli uwe mnene, kwa sababu siku ya ugomvi wote wataukimbilia, wakiwemo waliosema hauna maana.

Haya. Sasa siku yenyewe.

Tulikuwa daraja la kwanza, mechi ya mwisho ya msimu, nyumbani. Tukishinda tunapanda Ligi Kuu, timu ya kwanza ya bonde letu. Tukikosa, wachezaji wetu wazuri walikuwa wameshaanza kupigiwa simu na timu nyingine, na kila mmoja alijua hawatabaki. Sheria ilikuwa wazi: kamisaa wa mchezo atakagua uwanja kabla ya saa sita, na mpira usipodunda mechi inahamia mjini. Kuhamia mjini tulikujua kulivyo.

Tuliamka mvua imenyesha usiku kucha. Nilifika nikakuta nusu ya kusini ya uwanja inang'aa maji. Mgongo ulikuwa umefanya kazi yake, maji yote yameteremka, lakini yalikuwa yamejikusanya kwenye ubao wa mlango yakingoja kutoka. Nyuma ya ubao, kwa Mama Deo, kulikuwa na kitalu cha miche. Alikuwa ameshapanda mara moja msimu ule, mto ukachukua. Hii ilikuwa mbegu yake ya pili, na hakuwa na ya tatu.

Watu walianza kufika mapema. Malori kutoka Mkula, pikipiki kutoka Kisawasawa, akina mama na vyungu vyao, wote wamevaa kijani. Katibu wa timu akanijia ameloa mpaka magotini.

"Mzee Theo, fungua huo mlango."

"Sijaomba njia."

"Tutaomba baadaye! Kamisaa yuko njiani!"

"Baadaye siyo kuomba, katibu. Hiyo ni kutoa taarifa."

Akaniita mkaidi, na majina mengine nisiyoyaandika. Msidhani nilikuwa shujaa. Nilikuwa naogopa, tena sana. Niliipenda timu ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu, na mkono wangu ulishaugusa ubao. Kuuchomoa ilikuwa kazi ya dakika moja na hakuna ambaye angenilaumu, isipokuwa mtu mmoja. Nikauacha, nikazunguka uzio, nikaenda kusimama kwenye tuta.

Mama Deo alinizidi umri, na alikuwa ameinama kwenye kitalu chake akitazama miche kama mtu anayehesabu watoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Theo. Umekuja kuomba njia."

"Nimekuja kuomba njia."

"Unaona nilicho nacho hapa?"

"Naona, mama."

"Hii mbegu niliwanyima wajukuu wasiipike. Maji yenu yakija yatalala hapa, na miche itaoza. Mwaka mzima tutakula nini, mpira?"

Nyuma yangu ngoma zilikuwa zimeshaanza, na nilijua zinapigiwa nini. Nikasema, "Basi sifungui, mama. Samahani kwa usumbufu." Nikageuka. Nawaambia ukweli, machozi yalikuwa yananilenga.

"We Theo! Mbona unaondoka kama umefukuzwa? Humo ndani kuna watu?"

"Pamejaa."

"Wanajua kung'oa miche?"

"Mama, si watu wa Ifakara?"

Akanyooka, akashika kiuno. "Basi waje waing'oe sasa hivi, waifunge vizuri, waiweke kivulini. Maji yenu yapite. Lakini nisikilize vizuri. Mche ukishang'olewa hausubiri. Kesho asubuhi lazima urudi ardhini. Leo watakuja kwa sababu wanataka mpira. Kesho nani atapandikiza? Mkishinda mtakuwa mnacheza ngoma, mkishindwa mtakuwa mmelala msibani."

"Nitakuja mimi."

"Wewe mgongo wako naujua. Nawataka wanaocheza. Wote. Hata yule mwenye nywele za njano."

Huyo wa nywele za njano alikuwa mshambuliaji wetu, Rama, kijana wa Dar aliyepaka kichwa rangi na kubadilisha viatu kila mechi. Sikuwa na mamlaka yoyote juu yake. Mamlaka yangu yaliishia kwenye majani.

"Watakuja," nikasema.

Nilikwenda kumnong'oneza mpiga ngoma, akatangaza kwa kipaza sauti cha kanisa alichoazima. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu waliokuja kutazama mpira walimiminika kwenye kitalu, suruali zimekunjwa, kanga zimefungwa kiunoni, na vidole vya bondeni vikafanya kazi vinayoijua tangu utotoni. Mwanamke mmoja wa Mkula alikuwa anamfokea diwani kwa sababu anashika miche kwa juu. Mafungu yakafungwa kwa majani, yakapangwa chini ya mabenchi, kando ya uwanja mzima, kana kwamba nayo yamelipa kiingilio. Kitalu kilipobaki tupu nikaelekea kwenye ubao, lakini Mama Deo alikuwa ameshafika na jembe lake.

"Yanaingia kwangu," akasema. "Nafungua mwenyewe."

Akapiga jembe, ubao ukatoka, na maji yakaondoka kwa kelele. Tukamwaga pumba zilizochomwa, tukasawazisha kwa reki na kwa miguu. Kamisaa alipofika alikuta uwanja mweusi upande mmoja, watu wenye tope hadi mapajani na miche chini ya mabenchi. Alidondosha mpira katikati, ukadunda. Pembeni, ukadunda. Akaenda goli la kusini, watu wote wakasimama. Aliuachia mpira. Ulidunda kichovu, mdundo wa mpira ambao haukutaka kazi, lakini ulidunda. Kelele zilizopigwa pale hazikupigwa hata kwa bao lenyewe.

Na bao lilikuja. Kipindi cha pili, goli la kusini, krosi ikapita mbele ya kipa wao, ikadunda pale pale kwenye pumba zangu, na Rama akaipiga kwa kichwa cha njano. Moja bila. Filimbi ya mwisho ilipolia nililia hadharani kama mtoto, na siombi radhi. Tulikuwa Ligi Kuu! Timu ya mashine za kukoboa, timu iliyochezea kwenye jaruba, ilikuwa Ligi Kuu. Walinibeba hata mimi, na fyekeo mkononi, mpaka mtu mwenye akili akaninyang'anya.

Vyumbani, katikati ya nyimbo, nikamweleza nahodha niliyoyaahidi. Nilijua ni vigumu, kwa sababu viongozi walikuwa wamepanga basi la kuwapeleka mjini alfajiri kupongezwa. Nahodha akanyamazisha watu, akaeleza. Rama akaniangalia.

"Mzee, mimi mchele naujua wa kwenye sahani tu," akasema. "Unapandwaje?"

"Kinyumenyume," nikamwambia.

Asubuhi nilitangulia. Mama Deo alikuwa kwenye tuta peke yake, mafungu ya miche miguuni pake. Akaninyima hata macho. Basi la timu niliona linawashwa kule barabarani, likazimwa, likawashwa tena. Sijui nilisimama kwa muda gani, ila ulikuwa mrefu. Kisha nikasikia ngoma. Walikuja kwa miguu, peku, wote, na medali shingoni, na nyuma yao mtaa mzima wa Mlabani. Wachezaji wa Ligi Kuu wakaingia kwenye tope wakaanza kupandikiza, na Mama Deo akapata sauti.

"Wewe wa njano! Nani amekwambia uende mbele? Rudi nyuma! Rudi nyuma!"

Mstari wa Rama ulipinda kuliko yote, na Mama Deo hakuunyoosha. Alisema kwamba siku ya mavuno ataujua.

Ndiyo asili ya desturi mnayoiona kila msimu, ya mchezaji mpya kupandikiza kabla ya kupewa jezi. Wengine wanadhani ni mambo ya kupiga picha. Ilianza kama ahadi ya mtunza uwanja asiyekuwa na mamlaka.

Na sasa ninalotaka kuwaambia. Najua chini ya uwanja yamepitishwa mabomba, maji yanakwenda mtaroni kwa njia nyingine, na ule mlango umeota majani. Mmoja wenu aliniambia, "Babu, siku hizi hatuhitaji kuomba mtu."

Lakini nilipotoka kwenu nilipitia kwa Mama Deo. Ni bibi mzee sasa, anasimamia shamba akiwa kwenye kiti, na sauti ni ile ile. Majaruba yake yote yalikuwa yamepandwa, kijani tupu, isipokuwa moja, lile la chini ya goli la kusini. Lilikuwa limelimwa, limesawazishwa, halina hata mche. Nikamuuliza kama mbegu ilimwishia.

"Mbegu ninayo," akasema. "Si nasikia Jumamosi mna mechi kubwa? Mvua inaweza kunyesha. Nimewaachia njia. Nawasubiri waje kuomba."

Kesho asubuhi nendeni. Vueni viatu.